Maswali ya Wasomaji: Siku Tatu za Kuitembelea Nairobi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa miaka saba, na makazi yangu ni Kisauni, Mombasa. Nimewaahidi watoto kwamba likizo ya Agosti nitawaleta Nairobi, na mavyaa wangu, ambaye amepita miaka sabini na hajawahi kuvuka Voi, ameomba tufuatane naye. Tutafika Alhamisi kwa treni ya asubuhi na kurudi Jumapili kwa treni ya alasiri. Mwanangu mkubwa ameandika orodha ya sehemu kumi na moja anazotaka kuziona, kuanzia mbuga ya wanyama hadi Msitu wa Karura, na kila siku anaongeza nyingine. Bi mkubwa hutembea kwa mkongojo na asingependa kuikosa swala ya Ijumaa. Hatuna gari. Je, orodha hii inawezekana, na kama haiwezekani, tuanze kukata wapi? — Mama wa Kisauni

JIBU: Marahaba, mama, na karibuni nyote Nairobi. Orodha ya kijana haiwezekani kwa siku mlizo nazo, hata kama pesa zingekuwepo na magoti ya bibi yangekuwa mazima, kwa sababu kinachoamua mtu ataona nini katika jiji hili ni barabara. Ukitazama ramani utaona kwamba lango kuu la Mbuga ya Wanyama ya Nairobi liko kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji, na Msitu wa Karura nao hauko mbali kwa upande wa kaskazini, ukadhani kwamba mtu anaweza kuviona vyote viwili kabla ya adhuhuri. Kilomita hizo saba huwa ni mwendo wa dakika chache saa kumi na mbili asubuhi. Jioni ya siku ya kazi, hasa Ijumaa, au mvua inaponyesha, zinaweza kukumalizia saa nzima na zaidi.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka michache iliyopita nilimpokea shangazi yangu, nikamwahidi Karura asubuhi, twiga wa Lang'ata adhuhuri, na matembezi mjini jioni. Tulichelewa kutoka msituni, tukaingia Barabara ya Uhuru wakati magari yamesimama, na tulipofika Lang'ata lango lilikuwa limekwisha fungwa. Shangazi hakulalamika. Aliuliza tu, kwa upole wake, kama twiga wale hulala mapema. Tangu siku hiyo kila anayeniomba ushauri humwambia achague upande mmoja wa jiji kwa siku moja, aumalize, kisha arudi kupumzika.

Kwa hiyo kateni kwa kufuata pande. Karura iko kaskazini peke yake na haina jirani katika orodha yenu. Ni msitu wa zaidi ya hekta elfu moja, wenye maporomoko ya maji na mapango, na unastahili asubuhi nzima ya mtu mwenye miguu mizima. Uacheni kwa safari nyingine, lakini mweleze kijana kwamba mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hadi akajeruhiwa alipokwenda kupanda miti pale, wakati ardhi ya msitu ilipokuwa ikigawiwa watu binafsi, na kwamba miti atakayoikuta akija tena ipo kwa sababu ya watu kama yeye. Nyumba ya mwandishi Karen Blixen, aliyeishi huko tangu 1917 hadi 1931, ni nzuri kwa aliyesoma vitabu vyake. Watoto wa umri huo watachoka mapema. Maduka makubwa yaondoeni bila kusita, maana Nyali pia yapo.

Sasa tuzipange siku zenyewe. Treni ya asubuhi husimama vituo vya njiani na huwafikisha Syokimau baada ya saa nane mchana. Kutoka hapo ipo treni ndogo inayoingia hadi stesheni ya zamani mjini, lakini kwa kuwa mna mzigo na mzee, kodini teksi. Ningependa mtafute malazi South C au Nairobi West badala ya katikati ya jiji: mtakuwa kati ya mji na Lang'ata, mtalala bila kelele za honi, na South C chakula cha halali hakitawasumbua kukitafuta. Alhamisi msiende popote. Bibi atakuwa ameketi garini saa sita, na asubuhi inayofuata mtahitaji nguvu zake.

Ijumaa iwe siku ya mjini. Anzeni na Makumbusho ya Taifa saa mbili na nusu, yanapofunguliwa, kabla makundi ya wanafunzi hayajajaa. Uani mtakuta mfano wa Ahmed, yule ndovu wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe na askari ili majangili wasimuue, naye akafa kwa uzee mwaka 1974. Mpigeni bibi picha hapo, kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kuwaonyesha walio nyumbani jinsi meno yale yalivyokuwa marefu. Ndani kuna vyumba vingi, na nawasihi msijaribu kuvimaliza. Nendeni moja kwa moja kwenye chumba cha mabaki ya binadamu wa kale, mkasimame mbele ya mifupa ya Mvulana wa Turkana.

Mifupa hiyo iligunduliwa mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la kutambua kipande cha mfupa katikati ya changarawe ambapo wengine waliona mawe matupu. Kipande cha kwanza alichokiona kilikuwa kidogo, cha fuvu, chenye rangi inayokaribiana na ya mawe yaliyokizunguka. Kutokana na hicho ukapatikana karibu mwili mzima wa mtoto aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwambie mwanao mkubwa asimame kando ya kabati, ajilinganishe. Wataalamu wanakadiria kwamba marehemu yule alikuwa na umri kati ya miaka minane na kumi na miwili, yaani rika lake hasa, lakini alikuwa na urefu wa karibu mita moja na sentimita sitini. Nimewaona watoto wengi wakiingia chumba hicho kwa kelele na kunyamaza hapo.

Tokeni saa tano na nusu ili mfike Msikiti wa Jamia kabla ya umati. Msikiti huo, wenye kuba tatu na minara miwili, ulijengwa kati ya 1925 na 1933, na Ijumaa waumini hujaa hadi barabarani, kwa hiyo mzee apate nafasi mapema. Baada ya swala na chakula, teksi itawapeleka kwa muda mfupi hadi Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani. Wengi huyaruka, nami sikubaliani nao hata kidogo, hasa kwa mgeni anayetoka Mombasa. Jiji hili limezaliwa na reli iliyoanzia kwenu: ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika hapa 1899, mahali palipokuwa kinamasi na malisho, ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji yake ya baridi. Bohari ya reli ikawa mji, na mji ukawa mji mkuu. Katika uwanja wa makumbusho watoto wataruhusiwa kupanda kwenye vichwa vya treni vya zamani vya mvuke, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka saba linazidi maelezo yote ya ukutani. Hapo pia linaonyeshwa behewa linalohusishwa na kisa cha Charles Ryall, afisa wa polisi aliyekuwa akimvizia simba mla watu katika kituo cha Kima mwaka 1900. Usingizi ulimchukua ndani ya behewa, simba akaingia na kumuua. Msimulieni mdogo kisa hicho mchana, si wakati wa kulala.

Jumamosi ni siku ya Lang'ata, na hapo ndipo ninapowashauri mtoe pesa nyingi kuliko siku nyingine zote. Kodini gari lenye dereva kwa siku nzima, ikiwezekana lenye paa la kufunguka, muingie mbugani saa kumi na mbili lango linapofunguliwa. Mbuga hii ya kilomita za mraba 117 hivi ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza katika Kenya, na hakuna mahali pengine ninapopajua ambapo twiga hupita mbele ya macho yako huku majengo marefu ya jiji yakionekana nyuma ya shingo yake. Vifaru wapo wa kutosha, nyati na pundamilia wapo, simba ni bahati ya asubuhi. Mwombeni dereva awapitishe mahali ambapo mwaka 1989 Rais Moi aliwasha moto tani kumi na mbili za pembe za ndovu ili ulimwengu uelewe kwamba Kenya haiziuzi. Jivu lake bado limehifadhiwa.

Ndovu hai, hata hivyo, hawamo katika mbuga hii. Hao mtawaona saa tano, katika makao ya ndovu mayatima ya Sheldrick, ambayo mlango wake uko upande wa Barabara ya Magadi. Hufunguliwa kwa wageni kwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na hakuna anayeingia bila kuweka nafasi mapema. Kwa likizo ya Agosti, wekeni nafasi sasa hivi, kabla hata ya kukata tiketi za treni. Wageni husimama kuzunguka kamba, kwa hiyo fikeni mapema mumwombee bibi mahali pa kuketi.

Shirika linaloendesha makao hayo lilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick, kwa kumkumbuka mumewe David, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Kabla ya hapo Daphne alihangaika kwa miaka mingi kumlea ndovu mchanga bila mama, kwa sababu mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe humdhuru mtoto wa ndovu, na mmoja baada ya mwingine walikufa mikononi mwake. Kilichosaidia hatimaye kilikuwa nazi. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyokaribiana na mafuta ya maziwa ya mama ndovu, na kutoka hapo watoto wakaanza kuishi. Nadhani bi mkubwa, aliyekuna nazi maisha yake yote, atalipenda hili kuliko mimi ninavyoweza kulieleza. Mwangalieni ndovu mchanga anapoletewa chupa: huja mbio, masikio yameachama, akaishika kwa mkonga kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na maziwa humalizika kabla hujatoa simu mfukoni. Kisha hujitupa kwenye matope mekundu na kuwasukuma wenzake. Walezi wenye makoti ya kijani hulala nao usiku chumba kimoja, kwa zamu, kwa sababu mtoto wa ndovu akiachwa peke yake hunyong'onyea.

Baada ya chakula, malizieni na Kituo cha Twiga, kilicho upande huohuo. Watoto watawalisha kwa mkono kutoka jukwaani. Kama ngazi zitamshinda bibi, abaki kivulini chini, twiga ataonekana tu. Ikifika saa tisa na nusu anzeni kurudi.

Jumapili asubuhi jiji huwa limetulia, na huo ndio wakati wa kumzungusha bibi kwa teksi mjini: Jumba la Mikutano la KICC lililofunguliwa mwaka 1973, Bunge, Bustani ya Uhuru. Msishuke mara nyingi, na saa sita mwe mmekwisha elekea Syokimau, maana ukaguzi wa mizigo huchukua muda. Mkipita Tsavo jioni, waelezeni watoto kwamba wale ndovu waliowaona wakinyonya chupa hupelekwa kukulia na kurudishwa porini katika nchi hiyohiyo iliyo nje ya dirisha lao.

Machache ya maandalizi. Agosti hapa ni baridi ambayo watu wa Pwani huidharau hadi imewapata. Usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 12 hivi, kwa hiyo kila mtu awe na sweta nzito na bibi awe na soksi na shali. Chupa za maji za plastiki zimepigwa marufuku katika mbuga zote za taifa tangu Juni 2020, basi bebeni chupa za chuma. Ada za mbuga hulipwa kwa njia ya mtandao, wala si kwa pesa taslimu langoni. Lipeni kabla ya kuondoka nyumbani, na msisahau vitambulisho vya taifa, kwa kuwa raia hulipa kidogo kuliko wageni. Simu msiishike dirishani gari likiwa limesimama kwenye msongamano.

SWALI: Ni mwezi gani unaofaa zaidi kuitembelea Nairobi? — Msomaji wa Kisumu

JIBU: Januari na Februari, kwa mtazamo wangu. Jua lipo, majani ya mbugani yamepungua na wanyama huonekana kwa urahisi. Julai hadi Septemba mvua ni chache pia, lakini anga hufunikwa na mawingu siku nzima. Aprili na Mei epuka kama una hiari, kwa kuwa mvua ndefu huharibu barabara za mbugani na huongeza maradufu muda unaotumika garini.

SWALI: Naishi Kayole, na Jumamosi ijayo nitatembelewa na baba mkwe na wifi yangu kutoka Kakamega. Nina siku moja tu na pesa kidogo. Wameniambia wanataka kuliona jiji lenyewe, si wanyama. Niwapeleke wapi kwa miguu? — Msomaji wa Kayole

JIBU: Wamekuomba jambo zuri, na katikati ya jiji hutembeleka kwa miguu kwa muda wa saa nne bila kuchoka sana. Anza asubuhi katika makutano ya Barabara ya Kenyatta na Barabara ya Uhuru, kwenye jengo dogo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa na ambalo sasa ni jumba la sanaa. Hapo ndipo umbali wa kwenda miji mingine ulipokuwa ukipimwa tangu enzi za ukoloni. Mwambie baba mkwe kwamba kilomita alizosafiri kutoka Kakamega zimehesabiwa hadi mlangoni pale, na umpige picha.

Shukeni na Barabara ya Kenyatta, mpinde kuelekea Soko la Jiji na Maktaba ya McMillan, ambayo ina sanamu za simba mlangoni, kisha mpumzike Bustani ya Jeevanjee. Bustani hiyo ilitolewa mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee iwe ya umma, na mpaka leo watu hukusanyika humo kusikiliza mahubiri na kubishana siasa. Mkwe wako akipenda mabishano, mwachie nusu saa.

Kutoka hapo nendeni hadi Mtaa wa Kimathi, kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu Waingereza walipomnyonga. Mbele kidogo, katika Barabara ya Moi, ipo sanamu ya Tom Mboya, hatua chache kutoka mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Watu wa umri wa baba mkwe mara nyingi hukumbuka walikuwa wapi siku ile habari ilipotangazwa redioni; muulize, kisha unyamaze umsikilize, maana hapo ndipo wewe utakapokuwa mgeni na yeye mwenyeji.

Jengo lililo ng'ambo ya sanamu hiyo ni la Nyaraka za Taifa. Wengi wetu hulitumia kama mahali pa kukutania na hatujawahi kuingia. Ghorofa ya chini imejaa sanaa na vyombo vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, kutoka pembe zote za Afrika. Ada ya kuingia ni ndogo. Ingieni kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi.

Mwisho, shukeni na Barabara ya Moi hadi inapokutana na ya Haile Selassie, penye bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, uliposimama ubalozi wa Marekani kabla ya kulipuliwa. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, na majina yao yameandikwa ukutani. Msipite kwa haraka: ukisoma majina yale polepole utakuta ya kila kabila na kila dini, ya makarani, wanafunzi, abiria waliokuwa garini tu. Madawati yapo, na ni pahali pa utulivu ambapo wazee wanaweza kuketi kabla ya safari ya kurudi. Ondokeni hapo kabla ya saa kumi, na mtembee upande wa ndani wa njia mkielekea steji, kwa kuwa baada ya hapo foleni za magari ya Kayole hurefuka na nauli hupanda.